Stima Haichoki Njiani

Wasee, nitasema jambo na walimu wangu wa zamani wanisamehe. Vile tunafunzwa umeme hii Kenya ni vibaya, na sehemu mbaya kuliko zote ni ile ya sakiti za mfululizo na sakiti sambamba. Sio ngumu, imefanywa ngumu. Mtoto anaingia darasani akiwa ameishi na stima, sola na mawe ya tochi miaka kumi na tatu. Anatoka na fomula mbili kwa daftari, na bado hajui kwa nini globu ya kwao hufifia posho mili ikiwashwa.

Naandika nikiwa Ndabibi. Kama hupajui, ni upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, mahindi na viazi huku, msitu wa Eburru kule juu. Ukipita Kongoni ukielekea Kamere, unaanza kuona mvuke wa Olkaria ukipanda kama kuna mtu anapikia dunia nzima githeri. Mtambo wa kwanza pale uliwashwa 1981, megawati 15. Leo zaidi ya theluthi moja ya stima ya nchi hii inatoka ardhini, na nyingi ya hiyo ni ya hapo Olkaria. Sasa fikiria dogo anakua akiuona huo mvuke kila siku, halafu anaambiwa umeme ni herufi R mbili zilizojumlishwa ubaoni.

Mimi nilisomea uhandisi wa umeme miaka miwili, karo ikakataa, nikarudi nyumbani na simu yangu nikaanza kutengeneza video. Jumamosi nakaa na watoto wa junia sekondari kwa ukumbi mmoja hapa, tunachezea nyaya. Kuna watu huniuliza mtu aliyeacha chuo atafunza nini. Swali zuri. Soma kwanza, utaniambia.

Vile hufunzwa ni hivi. Ticha anachora betri, anachora visanduku viwili vya ukinzani, anaandika: kwa mfululizo, jumlisha. Kwa sambamba, moja juu ya R ni moja juu ya R ya kwanza ongeza moja juu ya R ya pili. Mfano: omu 2 na omu 3 sambamba, jibu 1.2. Pigeni mstari, tuendelee. Hakuna mtu anauliza swali ambalo lingefaa kusimamisha darasa lote: inakuwaje unaongeza kitu cha kuzuia umeme, halafu kizuizi chote kinapungua? Omu 1.2 ni kidogo kuliko 2 na ni kidogo kuliko 3! Hiyo ni ajabu kabisa, na sisi tunaipita kama kituo cha matatu ambacho hakuna mtu anashuka.

Shule niliyosoma, nilishika ammita mara ya kwanza Kidato cha Nne, wiki chache kabla ya moku, juu mtihani wa tatu wa fizikia ya KCSE ni wa vitendo na ilibidi. Tulikuwa wanane kwa ammita moja. Aliyeishika ni yule mwenye viwiko vikali. Sisi wengine tulinakili alichosoma. Yaani miaka minne ya somo la umeme bila umeme.

Sasa ngoja niwape jaribio. Usichungulie mbele, jibu kwanza.

Una betri tatu zinazofanana na globu tano zinazofanana. Betri ya kwanza inawasha globu moja, tuite A. Betri ya pili ina globu mbili zilizofuatana kwa njia moja, B kisha C. Betri ya tatu ina globu mbili, D na E, na kila moja ina njia yake kutoka kwa betri na kurudi. Zipange kuanzia inayong'aa zaidi hadi inayong'aa kidogo.

Umepanga? Hili swali si langu. Lilitumiwa na Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, wakachapisha matokeo 1992. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa fizikia ya hesabu nzito. Waliopata ni kama asilimia 15. Rudia hiyo: wanafunzi wa chuo Marekani, wenye maabara, na 85 kati ya kila 100 walikosa. Kwa hivyo kama umekosa, karibu, umekaa na watu wa maana.

Jibu ni A, D na E zinang'aa sawa. B na C zinang'aa sawa pia, lakini hafifu.

Nilipowapa watoto wa Jumamosi, wengi walisema B itashinda C. Nikawauliza kwa nini. Dogo mmoja akasimama na uhakika wote wa dunia: "Kwa sababu ikifika kwa C, stima imechoka." Ukumbi mzima ukakubali kwa kichwa. Na mimi nilifurahi sana, juu hilo jibu halipatikani ukianza na fomula. Huyo mtoto angejumlisha R zake vizuri, apate vema, na aende nyumbani akiamini stima inachoka njiani kama mtu anayepanda Eburru na gunia. Fomula ingemficha. McDermott na wenzake walikuta wazo hilohilo kwa wanafunzi wao: kwamba globu ya kwanza inakula mkondo, ya pili inabakishiwa.

Mkondo hauliwi. Unaoingia kwa globu ndio unaotoka. Kinachotolewa njiani ni nguvu, si mkondo wenyewe. Kama mnyororo wa baiskeli: meno ya mbele yanauvuta, ya nyuma yanavutwa, lakini hakuna pingili zinazopotea katikati. Na mnyororo ukikatika mahali popote, kila kitu kinasimama kwa wakati mmoja, sio sehemu iliyo mbele ya mkato peke yake.

Lakini hayo maneno nilisema baadaye. Kwanza niliwaambia kila mtu aandike jibu lake kwa karatasi na jina. Hii ni muhimu kuliko vifaa vyote. Mtoto akiwa amesema kwa mdomo, globu ikiwaka ataruka upande wa walioshinda na kuapa alijua. Akiwa ameandika, anabaki ameshikwa. Tukaunganisha. B na C, sawa kabisa. Kukawa kimya. Halafu msichana mmoja wa Gredi ya 8 akasema labda globu ya C ni ya nguvu zaidi, tuzibadilishe. Tukabadilisha. Bado sawa. Akasema tugeuze betri, stima iingilie upande wa pili. Tukageuza. Bado sawa. Hapo akakaa chini, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye amedanganywa muda mrefu. Sijamwambia kitu bado, lakini huyo tayari ni mwanasayansi: alikuwa na wazo, akalitetea mara mbili kwa majaribio, ushahidi ukakataa, akaliacha.

Kuhusu vifaa, sikilizeni, juu hapa ndio watu hukwama.

Usitumie stima ya ukutani. Kamwe. Volti 240 haina masomo ya marudio. Zamani tungetumia globu ndogo za tochi na mawe, yale makubwa yenye picha ya paka, ambayo Eveready walikuwa wakitengeneza hapa Nakuru tangu 1967 hadi wakafunga kiwanda 2014. Mawe bado yako dukani, globu ndio shida. Tochi zote siku hizi ni za LED, na LED inavuruga somo kabisa. LED nyeupe inataka karibu volti 3 ndio iwake, ikiwekwa kinyume haiwaki, na haifuati hiyo sheria ya Ohm mnayofunzwa. Ukiweka mbili kwa mfululizo na mawe mawili hazifififii, zinakataa tu. Mtoto ataondoka akijua mfululizo maana yake ni giza.

Suluhu nilipata kwa duka la spea za boda. Globu za indiketa, zile za waya ndani, volti 12, wati 10. Betri ya pikipiki ya volti 12. Hiyo betri haitakupiga, lakini nyaya zake mbili zikigusana moja kwa moja bila globu katikati, waya unapata moto wa kuchoma vidole, kwa hivyo weka fyuzi na weka mtu mzima. Na betri ya boda ina faida nyingine: haichoki haraka. Mawe yaliyozeeka yana ukinzani ndani yao, ukiwasha D na E pamoja zinang'aa chini kidogo ya A, halafu mtoto mwerevu anakuambia jibu lako ni la uongo, na macho yake yako sawa.

Tukiwa hapo kwa mawe: kila mtoto wa mashambani ameshafanya majaribio ya mfululizo bila kuambiwa. Redio ya mawe manne ni volti 6, kwa sababu kila jiwe ni volti 1.5 na yamefuatana. Geuza moja kimakosa, hilo linavuta kinyume: matatu yanasukuma 4.5, moja linarudisha 1.5, unabaki na 3, redio inanyamaza. Shosho yako anajua hiyo bila kidato. Na anajua jiwe moja bovu linaua yote manne, ndio maana anajaribu moja moja. Mwalimu angeanzia hapo, hakuna mtu angesinzia.

Shida nyingine ni jina lenyewe. Kwa Kiingereza wanaita neno la mistari inayokwenda pamoja bila kukutana, na sisi tukatafsiri sambamba, tukabeba shida yake pamoja nayo. Mtoto anaona mchoro wa kitabuni, globu mbili zimepangwa kama reli, anadhani umbo ndilo jambo. Nilichora sakiti ileile nikapinda nyaya kama utumbo, nusu ya watoto wakasema sio sambamba tena. Sambamba haihusu umbo la nyaya. Inahusu swali moja tu: je, hizi globu mbili zimeshikwa na ncha zilezile mbili? Ukitoka ncha ya juu ya betri na kidole chako, unaweza kufika ncha ya chini kupitia globu moja bila kugusa nyingine? Kama ndio, ni sambamba, hata kama moja iko jikoni na nyingine iko choo cha nje.

Watu wa video, tuongee kuhusu mifano. Kila mtu anapenda ule wa barabara. Eti mfululizo ni barabara moja yenye vizuizi viwili vya polisi, sambamba ni barabara mbili. Na kweli huku kwetu mfano upo: ukitoka Nairobi kuja Naivasha kuna barabara ya juu na kuna ya chini ya Mai Mahiu, ile yenye kanisa dogo la Waitaliano. Ukiwa na zote mbili, magari yanapita mengi kuliko ukiwa na moja. Hapo ndio ajabu ya omu 1.2 inaeleweka: kila barabara ina ugumu wake, lakini kuongeza barabara, hata mbaya, hakuwezi kupunguza nafasi ya kupita. Poa sana.

Lakini endelea kidogo. Mvua ikiharibu ya Mai Mahiu, nini hutokea? Magari yote yanapanda juu, unalala Kinungi. Sasa mtoto anayefikiria hivyo atakuambia ukizima globu D, mkondo wake utahamia kwa E na E itang'aa zaidi. Na ni uongo. E haijui hata kama D ipo. Ukizima taa ya jikoni, ya chumbani haiongezeki mwanga, si ndio? Tofauti ni hii: idadi ya magari imeshapangwa na watu wenye safari zao, lakini betri haina idadi ya mkondo iliyopanga. Betri inashikilia volti, halafu kila njia inachukua mkondo kulingana na ukinzani wake. Njia ikifungwa, betri inatoa kidogo, basi.

Cha kuchekesha, mfano huohuo wa Mai Mahiu ni sahihi ukiutumia upande wa pili wa waya. Mitambo ya kuzalisha stima imeunganishwa sambamba kwa gridi moja, na hapo mzigo ndio umeshapangwa: watu wanataka stima kiasi fulani sasa hivi. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma. Ikazima. Mashine nyingine za kituo zikabebeshwa mzigo wake, zikalemewa, zikazima pia. Zaidi ya megawati 180 zikaenda, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona, watu wa wanyamapori wakamchukua. Lakini kumbuka kitabu kimekuambia kwamba kwa sambamba moja ikifa nyingine zinaendelea vizuri. Kwa globu, ndio. Kwa wanaobeba mzigo, aliyebaki anabeba na wa aliyeanguka. Hilo halijawahi kuwa kwa daftari langu, na lilikuwa kwa habari.

Sasa posho mili, kwa sababu hapa ndipo ningependa kila darasa la Bonde la Ufa lianzie.

Kitabu kinasema nyumba zimeunganishwa sambamba. Kama ni hivyo, na nimesema E haijui D ipo, kwa nini mashine ya kusaga ikiwashwa globu yako ya zamani inalegea? Mwache mtoto ateseke na hilo swali siku mbili. Jibu ni kwamba hakuna sambamba safi duniani. Kutoka transfoma kuja kwenu kuna waya mrefu, na huo waya una ukinzani wake, mdogo lakini upo, na nyote mnautumia pamoja. Yaani waya uko mfululizo na nyinyi wote, halafu nyinyi ndio mko sambamba mwishoni. Tuseme waya wa pamoja una nusu omu. Mashine ikianza ivute ampea 40 zaidi, kwa huo waya zinapotea volti 20. Nyumba zilizo mbele ambazo zilikuwa zinapata 240 sasa zinapata 220. Na aliye mwisho wa laini anaumia kuliko aliye karibu na transfoma, juu waya wake ni mrefu zaidi. Watoto walipopata hilo, walianza kuhesabu nguzo kutoka transfoma hadi kwao. Sikuwaambia.

Na ukielewa posho mili, umeelewa kitu kinachoweza kuchoma nyumba. Ekstensheni. Mko plot, chumba kimoja, soketi moja ukutani. Birika la wati 2000 linavuta ampea 8.3. Pasi ya wati 1200 inavuta 5. Koili ya maji ya wati 1500 inavuta 6 na kitu. Kila kimoja kiko sambamba, kila kimoja kinafanya kazi vizuri, hakuna kinachofifia, na hiyo ndiyo hatari. Kila kifaa unachoongeza ni barabara nyingine, ukinzani wa jumla unashuka, mkondo unapanda. Lakini ule waya mmoja mwembamba kutoka ukutani hadi kwa ekstensheni uko mfululizo na vyote. Unabeba karibu ampea 20 kwa plagi iliyotengenezewa 13. Na joto haliongezeki kwa upole: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwa waya ni mara nne. Fyuzi ya plagi imewekwa mfululizo kwa makusudi, ili ife kwanza ikuokoe. Halafu msee anaing'oa anaweka kipande cha waya, "juu inazimazima." Nimeona hiyo kwa keja za watu waliopata A ya fizikia. Walikuwa na fomula yote.

Kuna pia uzio. Msitu wa Eburru umezungukwa na ua wa umeme wa zaidi ya kilomita 40, kazi ya Rhino Ark, ili nyati na wenzake wasiingie shambani kwa watu. Watoto wengi hapa wanauogopa bila kuuelewa. Huo waya una maelfu ya volti, kwa mapigo mafupi, karibu moja kila sekunde, lakini hakuna sakiti mpaka mnyama aguse: yeye ndiye kipande kilichokosekana, mkondo unapita mwilini mwake unarudi kwa ardhi. Ndege akikaa juu ya waya hana shida, hajagusa ardhi. Na kwa nini watu wa uzio hufyeka nyasi chini yake kila mara? Kwa sababu kila jani bichi linaloegemea waya ni njia nyingine sambamba ya kwenda ardhini. Jani moja si kitu. Majani elfu kumi, kila moja linaiba kidogo, ukinzani wa jumla unaanguka, mashine inashindwa kushikilia volti yake, na nyati anapita akijikuna. Hilo ni swali la sakiti sambamba bora kuliko lolote nililowahi kuona kwa mtihani, na jibu lake ni panga.

Najua mtaniambia nini. Darasa lina watoto sitini, ticha ni mmoja. Kweli. Na huyo ticha wa junia huenda alianza kama intani wa shilingi 20,000, wale waliogoma 2024 wakidai kuajiriwa. Simlaumu yeye. Shule nyingi za junia ziko ndani ya shule za msingi, maabara hakuna, na mtu wa Nairobi ameandika kwa mtaala "mwanafunzi afanye jaribio" kana kwamba vifaa huota. Lakini pia sitaki ile hadithi ya kwamba bila maabara hakuna kitu. Betri moja ya boda na globu tano zinatosha darasa la sitini, kwa sababu kazi kubwa haiko kwa mikono, iko kwa ile karatasi waliyoandika jibu kabla. Sitini wanaweza kubishana juu ya globu moja. Wanabishana juu ya Gor na Ingwe bila hata kuwa uwanjani.

Na wakati wa kubishana ndio ticha anasema hana, juu silabasi haingoji. Hapa ndipo sikubaliani kabisa. Dakika arobaini za fomula ambazo mtoto anasahau likizo ikianza ni dakika arobaini zilizotupwa, hata kama zimetiwa tiki kwa mpango wa kazi. Georg Ohm mwenyewe, mwenye hiyo sheria, alikuwa mwalimu wa shule kule Cologne, Ujerumani, kabla ya kuchapisha kitabu chake 1827. Aliipata kwa kupima nyaya, moja baada ya nyingine, ndefu na fupi. Sisi tunachukua mwisho wa kazi yake tunaufanya mwanzo wa somo, halafu tunashangaa hakuna anayefurahi.

Mnaona naharakishwa na nini? Kundi la kwanza la CBC ndilo linaloanza Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na kila mtoto anachaguliwa njia. Serikali imesema inataka asilimia 60 waende STEM. Sawa. Sasa mtoto wa Ndabibi anachagua akiwa na miaka kumi na nne au kumi na tano, na anachotumia kuchagua ni hisia moja tu: mimi naweza hii kitu, au siwezi. Mtoto wa shule yenye maabara aliona globu ikiwaka akajiona fundi. Wa hapa aliona moja juu ya R akajiona mjinga. Wote wawili wataandika fomu ileile. Yule msichana aliyegeuza betri aliniambia alikuwa amepanga kuacha sayansi, sababu "sina kichwa ya fizikia." Huyo ambaye alifanya majaribio matatu mfululizo bila kusukumwa! Sijui nani alimwambia, na sitaki kujua, nitakasirika bure.

Sijamwambia achague nini, si kazi yangu. Nimempa swali la kwenda nalo: globu mbili za zamani, moja ya wati 100 na moja ya wati 40, zimewekwa kwa mfululizo kwa stima ya nyumbani, kwa karatasi tu si kwa mikono. Ipi inang'aa zaidi? Nyinyi pia, andikeni kwanza. Ni ile ya 40, na kama umekasirika, chukua volti 240, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa wati za kila globu, uone nani ana ukinzani mkubwa, kisha kumbuka mkondo wao ni mmoja.

Halafu jambo la mwisho, la vifaa. Kama una pikipiki na umebadilisha indiketa ukaweka LED, zile globu zako za zamani usizitupe. Ziweke kwa bahasha, umpe mtu wa boda anayekuja stage ya Ndabibi, mwambie ni za watoto wa Jumamosi. Nina tano, mbili zimeshaungua, na wiki ijayo tunataka kuweka nane sambamba tuone waya ukianza kupata joto.